Mwongozo kamili: kukimbiza mpira wenye chaji kwa uga wa umeme, kwa walio Tanga

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa walimu wa fizikia na vijana wa klabu za sayansi hapa Tanga ni lile lile: kwa nini mpira mwepesi uliopakwa grafiti hauzunguki ndani ya bakuli kwa kusukumwa na umeme tuli? Bakuli limetengenezwa, vipande vya alumini vimebandikwa, mashine ya chaji inazunguka, lakini mpira umelala kitakoni, hautikisiki.

Wengi hudhani mashine ni dhaifu, wakaanza kutafuta volti zaidi. Mara nyingi mashine haina kosa lolote. Chaji inazalishwa, ila inavuja kabla haijafanya kazi. Maelekezo mengi ya jaribio hili yaliandikwa kwa watu wanaoishi kwenye hewa kavu. Sisi tuko kando ya bahari, na hewa yetu ina maji na chumvi. Kuongeza volti kwenye kifaa kinachovuja ni kutia maji kwenye pakacha.

Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni habari ya kukausha na kupima uvujaji. Usiziruke hatua hizo ukakimbilia bakuli.

## Tunataka kitokee nini

Uga wa umeme ni eneo ambalo chaji ikiwekwa husukumwa au huvutwa. Nguvu inayoipata ni F = qE, yaani ukubwa wa chaji mara ukubwa wa uga. Ukiweka vipande viwili vya chuma kwa umbali d, kati yake kukawa na tofauti ya volti V, uga ni takriban V/d. Kitu chenye chaji q kikivuka kutoka kipande kimoja hadi kingine huvuna nishati ya qV.

Ndani ya bakuli kuna vipande vinane: vinne vya volti kubwa na vinne vya ethi (vilivyounganishwa na ardhi), vimepishana. Mpira uliopakwa grafiti ukigusa kipande cha volti kubwa hupokea chaji ya aina ile ile, kwa hiyo husukumwa na kipande hicho na kuvutwa na cha ethi kilicho mbele. Ukifika kwenye ethi huitoa chaji ile, na kwa kuwa uko jirani na vipande vya volti kubwa, hubaki na chaji kidogo ya kinyume. Sasa unavutwa na kipande cha volti kubwa kinachofuata. Mara nane kwa kila mzunguko mmoja, mpira unavuna nishati kidogo.

## Vifaa

Karibu vyote hivi utavipata Ngamiani, isipokuwa mashine ya chaji.

- Bakuli la plastiki lenye upana wa sentimita 28 hadi 32, kitako chake kiwe kimejipinda vizuri na uso wake uwe laini, bila mistari ya mapambo. Akriliki ni bora zaidi, lakini plastiki ya kawaida ya jikoni inafaa. La chuma halifai kabisa. La kioo pia liache, kwa sababu nitakayoieleza.
- Tepu ya alumini, ile wanayotumia mafundi wa friji na viyoyozi.
- Mpira wa tenisi ya meza. Wa kawaida una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7.
- Penseli laini sana (6B au 4B) au unga wa grafiti wa kulainishia vitasa. Pia msasa laini.
- Bomba la PVC la nusu mita, na karatasi laini kavu za kupangusia.
- Makopo mawili matupu ya soda, foili ya alumini, kipande cha waya wa shaba, mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, chupa ya plastiki na mshumaa.
- Mashine ya chaji ya maabara ya shule: ya Van de Graaff (yenye mkanda na kuba la chuma) au ya Wimshurst (yenye sahani zinazozunguka).
- Spiriti, pamba na glavu za mpira.
- Draya ya kukaushia nywele. Kama hakuna, boksi kubwa la katoni na balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100, kama ile ya kulelea vifaranga. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha.
- Waya wenye ganda nene, bolti fupi na nati yake, nondo fupi, na ndoo mbili za plastiki za kusimamishia vifaa.
- Multimita (kipimo cha umeme), kama ipo.

Usitumie kamba ya katani kuning'inizia chochote. Tanga katani iko kila mahali na mkono huikimbilia, lakini hufyonza maji ya hewani na chaji hupita humo.

## Maonyo kabla hujagusa kitu

Jaribio hili linafanywa kwa mashine ya chaji tuli ya maabara peke yake. Mashine ndogo za namna hiyo hutoa volti nyingi lakini mkondo mdogo sana, wa mikroampea chache. Cheche yake inauma na kushtua, basi.

Usifungue maikroweni kutafuta transfoma, wala televisheni ya kioo kizito, wala raketi ya kuua mbu. Transfoma ya maikroweni inaua. Televisheni hutunza chaji hata ikiwa imechomolewa. Raketi nayo ina kapasita (kifaa cha kutunzia chaji) ndani, na volti zake hazitoshi hata kidogo kwa bakuli hili, kwa hiyo utajihatarisha bure.

Usiongeze kapasita wala chupa ya kutunzia chaji kwenye mashine. Hapo ndipo cheche ya kushtua hugeuka kuwa cheche ya kuumiza.

Spiriti inawaka. Ukishafuta vifaa, ifunge, itoe chumbani, ngoja mvuke wake utoke, ndipo uwashe mashine. Kusiwe na petroli, mafuta ya taa wala mtungi wa gesi karibu.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikae chumba hicho. Simu na kompyuta zikae angalau mita mbili kutoka kwenye mashine.

## Hatua ya 1: Chagua saa na chumba

Asubuhi mapema ndiyo saa mbaya kuliko zote. Hewa imepoa usiku kucha na unyevu uko juu kabisa. Mchana, jua likishapanda, unyevu wa kadiri hushuka, yaani maji yaliyo hewani yakilinganishwa na kiasi ambacho hewa ingeweza kubeba kwa joto hilo. Siku za Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni bora usipange onyesho la wazazi kwa kutegemea jaribio hili.

Chumba chenye kiyoyozi kikubali hata kama ni ofisi ya mkuu wa shule, kwa kuwa kiyoyozi hutoa maji hewani. Kiwashwe saa moja kabla, madirisha yamefungwa. Kisipokuwepo, funga madirisha ya upande wa bahari na usiwashe feni: feni huleta hewa mpya yenye maji juu ya vifaa ulivyokwisha kukausha. Na usijaze watu. Darasa la watu 60 wanaopumua na kutoka jasho hubadilisha hewa ya chumba haraka sana.

Shule iliyo Raskazone, karibu kabisa na maji, itahitaji uvumilivu zaidi kuliko iliyo Korogwe, mbali na bahari.

## Hatua ya 2: Ondoa chumvi, kisha ondoa maji

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Watu husema chaji inapotelea kwenye hewa yenye unyevu. Hewa yenyewe, hata ikiwa na maji, si njia nzuri ya umeme. Chaji hupotelea kwenye *uso* wa vifaa. Maji ya hewani hujitandaza juu ya plastiki, mbao na hasa kioo, yakafanya utando mwembamba usioonekana. Utando wa maji safi ungevusha chaji polepole. Lakini uso wa kifaa kilichokaa Tanga una chumvi, iliyoletwa na upepo wa bahari na vidole vya watu. Chumvi ikichanganyika na maji ni njia nzuri kabisa ya umeme.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu yeyote wa pwani anapaswa kulijua. Chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha yenyewe kwa maji ya hewani unyevu wa kadiri unapofika kama asilimia 75. Chini ya hapo hukaa kavu. Ndiyo sababu chumvi ya mezani hulowa siku nyingine na siku nyingine ikawa nzuri, na ndiyo sababu bakuli lile lile hufanya kazi leo, kesho likagoma.

Kwa hiyo utaratibu una sehemu mbili, na haupinduliwi. Kukausha bila kuondoa chumvi kunakupa dakika chache tu, kisha maji yanarudi.

Kwanza osha bakuli, bomba la PVC na miguu ya mashine kwa maji safi na sabuni kidogo, suuza sana, maana sabuni iliyobaki nayo hupitisha chaji. Kisha vaa glavu, futa kila uso kwa pamba yenye spiriti. Kuanzia hapa usiguse kwa vidole vitupu. Alama moja ya kidole ni chumvi.

Pili, pasha joto. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha hadi nyuzi 40, bila kutoa hata tone la maji, unyevu wake wa kadiri hushuka hadi kama asilimia 41. Huhitaji kuchemsha kitu. Pitisha draya taratibu kwa umbali wa sentimita 20, dakika tano kwa bakuli, dakika tano kwa nguzo ya mashine na mkanda wake. Mkanda ndio watu wanaousahau. Mkanda wenye unyevu hubeba chaji juu na kuirudisha chini papo hapo.

Ukitumia boksi na balbu, balbu iwe umbali wa angalau sentimita 20 kutoka kwenye katoni au plastiki, na usiondoke. Katoni inashika moto, na bakuli linaweza kupinda. Nusu saa inatosha.

Ukifaulu: bakuli litakuwa vuguvugu mkononi, na vipande vidogo vya karatasi vitalirukia ukilisugua mara mbili tatu kwa karatasi kavu.

## Hatua ya 3: Pima uvujaji

Tengeneza elektroskopu, kifaa cha kuonyesha kama kuna chaji. Toboa kifuniko cha chupa kavu ya plastiki, pitisha waya wa shaba, uzibe tundu kwa nta ya mshumaa. Nta ni rafiki mkubwa wa watu wa pwani: maji hayatandi juu yake, na chaji haipiti kirahisi. Upande wa ndani pinda waya kama ndoana na uning'inize vipande viwili vyembamba vya foili, vigusane. Upande wa juu viringisha waya uwe kifundo, usiache ncha kali.

Sugua bomba la PVC kwa karatasi kavu. Bomba hupata chaji hasi. Buruza bomba juu ya kifundo. Foili mbili zitaachana, kwa kuwa zina chaji ya aina moja.

Sasa angalia saa. Zikirudiana ndani ya sekunde 10, simama hapo: rudi hatua ya 2. Zikibaki zimeachana kwa dakika moja au zaidi, chumba chako kiko tayari. Kati ya hapo, unaweza kuendelea hadi hatua ya 4 lakini usitegemee sana.

Kipimo hiki kifanye kila siku ya jaribio, kabla ya kila kitu. Kitakuokoa usilaumu bakuli lisilo na hatia.

## Hatua ya 4: Jaribu njia fupi kwanza, kati ya makopo mawili

Usiruke hatua hii, kwani inakuonyesha kanuni nzima ya bakuli katika umbali wa sentimita tano.

Weka makopo mawili ya soda juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, umbali wa sentimita tano. Kopo moja liunge kwa waya na nondo iliyopigwa kwenye udongo mbichi nje ya dirisha. Usitumie ethi ya soketi ya ukutani, na usitegemee bomba la maji, kwa sababu siku hizi mengi ni ya plastiki. Kopo la pili lisiguse kitu.

Kunja foili iwe kidonge kidogo chepesi, ukining'inize kwa mshipi wa nailoni katikati ya makopo, kikaribie zaidi kopo la pili. Kisha sugua bomba la PVC na uliburuze juu ya kopo hilo la pili, mara kadhaa.

Ukifaulu: kidonge kitavutwa, kitagusa, kitafukuzwa, kitagonga kopo la ethi, kitarudi. Utasikia mlio wa tik-tik-tik. Mlio ukipungua, ongeza chaji.

Kila safari moja ni kitu chenye chaji kikisukumwa na uga wa umeme. Kama hapa hakuna mlio, bakuli halitafanya kazi.

## Hatua ya 5: Andaa mpira

Piga msasa mpira wote hadi mng'ao uishe. Grafiti haishiki kwenye uso unaoteleza. Kisha sugua penseli kila mahali, bila pengo, au paka unga wa grafiti kwa pamba. Rudia mara tatu. Uufute kwa karatasi kavu ili unga uliolegea utoke, maana ukidondoka kwenye bakuli utatengeneza njia ya chaji kati ya vipande.

Watu wengine huchanganya grafiti na gundi nyeupe ili ishike. Gundi ikizidi huzifunika chembe za grafiti na mpira unakuwa hauwezi tena kupokea chaji. Mimi nashauri grafiti kavu.

Ukiwa na multimita, gusisha ncha zake pande mbili za mpira. Usihangaike kutafuta ukinzani (kizuizi cha umeme) mdogo. Mpira wa kipenyo cha milimita 40 una kapasitansi (uwezo wa kubeba chaji) ya kama pikofaradi 2.2 tu, kwa hiyo hata ukinzani wa megaomu 1 hauuzuii kujazwa chaji ndani ya mikrosekunde chache, muda mfupi kuliko mguso wenyewe. Tatizo ni pale multimita isipoonyesha chochote upande mmoja wa mpira: kuna sehemu haikupakwa.

Usiuviringishe mpira kwa foili. Utakuwa na mikunjo, utadunda ovyo, na kila mkunjo ni ncha ya kuvujisha chaji.

## Hatua ya 6: Bandika vipande ndani ya bakuli

Toboa tundu dogo katikati ya kitako, pitisha bolti yenye kichwa bapa kutoka ndani, funga nati kwa nje na waya wa ethi ukiwa umebanwa hapo.

Kata vipande vinne vya tepu, upana wa sentimita 2. Hivi ni vya ethi. Vyote vianzie juu ya kichwa cha bolti, vitengeneze msalaba wa pembe sawa, vikwee ukuta wa bakuli na kuishia sentimita 5 chini ya ukingo. Gundi ya tepu mara nyingi haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kunja ncha ya kila kipande alumini iguse alumini.

Kata vingine vinne vya upana ule ule kwa ajili ya volti kubwa. Hivi huanzia juu. Bandika utepe mmoja wa alumini kuzunguka ukingo kwa nje, kisha kila kipande kitoke kwenye utepe huo, kivuke ukingo, kishuke ndani katikati kabisa ya vipande viwili vya ethi. Viishie sentimita 8 au 9 kutoka katikati ya kitako. Vikishuka zaidi vitakaribiana na ethi, na cheche zitaruka hapo.

Kwa nini umbali huu? Hewa kavu huvunjika na kuruhusu cheche uga unapofika kama volti milioni 3 kwa mita, yaani volti 30,000 kwa sentimita moja. Hiyo ni kwa nyuso laini. Kwenye kona na ncha, uga hujikusanya na hewa huvunjika mapema zaidi. Kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 4 au zaidi kila mahali kati ya volti kubwa na ethi.

Kata kila kona kwa mkasi iwe ya mviringo. Pitisha mgongo wa kijiko juu ya kila kipande hadi pembe zake zilale kabisa. Ukishaunganisha mashine kama ilivyo hatua ya 7, zima taa usiku na uiwashe: palipo na kona kali utaona mwanga hafifu wa zambarau na kusikia *shiii*. Hapo ndipo panapovuja.

Ukimaliza kubandika, futa tena plastiki iliyo kati ya vipande kwa spiriti. Umeigusa, hata kama hukumbuki.

Ukifaulu: multimita itaonyesha vipande vinne vya ethi vimeungana, vinne vya volti kubwa vimeungana, na kati ya makundi hayo mawili hakuna njia kabisa.

## Hatua ya 7: Unganisha na uwashe

Weka bakuli juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, limekaa sawa. Utepe wa ukingo uunge na kuba la mashine. Waya wa bolti uunge na kitako cha mashine na pia na nondo. Waya wa volti kubwa upite hewani, usilale mezani: meza ya mbao Tanga ni njia ya ethi.

Weka mpira ndani. Washa mashine, ngoja sekunde kumi. Sasa mpe mpira msukumo wa kwanza kwa bomba kavu la plastiki, uzunguke bakuli. Bila msukumo huo, mpira hauna sababu ya kuchagua kwenda kulia au kushoto, utacheza kati ya vipande viwili tu. Kasi yake yenyewe ndiyo inayoamua kipande gani kiwe "mbele".

Ukifaulu: baada ya mizunguko miwili mitatu utaona mpira haupungui kasi kama ulivyotarajia. Kisha unaongeza, unapanda ukuta wa bakuli, na milio ya miguso inakaribiana hadi inakuwa mfululizo. Hatimaye kasi hutulia, pale nishati inayovunwa kila mzunguko inapolingana na inayopotea kwa msuguano.

Ukimaliza zima mashine, kisha gusisha kuba kwa waya wa ethi ulioshikwa kwenye bomba la plastiki kabla hujaweka mkono.

## Hatua ya 8: Pima, usitazame tu

Simu iwe juu, mita mbili kutoka kwenye mashine, irekodi kwa mwendo wa polepole. Hesabu fremu za mzunguko mmoja, pata muda, kisha gawanya mzingo wa njia ya mpira kwa muda huo. Njia yenye kipenyo cha sentimita 22 ina mzingo wa sentimita 69. Ukizunguka kwa sekunde moja, kasi ni mita 0.69 kwa sekunde.

Linganisha na hesabu. Tuseme vipande viko kwenye volti 20,000. Mpira wa pikofaradi 2.2 unaweza kubeba chaji ya kama nanokulombu 44 (kulombu ni kipimo cha chaji), kwa hiyo kuvuka mara moja kunaweza kuupa hadi milijuli 0.9. Mpira mtupu ndani unaobiringika hutumia sehemu mbili kwa tano ya nishati yake kujizungusha. Zilizobaki ni za kwenda mbele. Ukianzia kusimama, bila msuguano, kuvuka mara moja kungekupa kama mita 0.6 kwa sekunde. Utapata pungufu ya hapo. Waulize wanafunzi iliyobaki imekwenda wapi, maana hilo ndilo swali zuri kuliko yote ya somo hili.

Kisha waulize la pili. Elektroni moja, chembe ndogo mno yenye chaji hasi, ikivuka volti hizo hizo 20,000, inafika kasi ya zaidi ya kilomita 80,000 kwa sekunde, ingawa imepata nishati ndogo mno kuliko mpira. Jibu liko kwenye chaji kwa kila kilo: elektroni ina kulombu bilioni 176 kwa kilo, mpira wetu una kama 0.000016.

Na liwe wazi kwao jambo moja ambalo bakuli hulificha. Kwenye bakuli, uga umetulia na chaji ya mpira ndiyo inayogeuka. Protoni, chembe yenye chaji chanya, haigeuzi chaji yake. Ukiizungusha kwenye bakuli letu, kila inachopata kwenye pengo moja ingekipoteza kwenye linalofuata. Kwa hiyo mashine za kweli za kukimbiza chembe hufanya kinyume: chaji inabaki vile vile, uga ndio unaogeuzwa kwa wakati wake. Kwenye LHC, mashine kubwa ya kukimbiza chembe ya kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni huzunguka kilomita 27 zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, na kila zikipita hukuta uga unaogeuka mara milioni 400 kwa sekunde, uliopangwa uzisukume wakati ule ule zinapopita. Linaki (mashine za kukimbiza chembe kwa mstari mnyoofu) za Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, nazo hukimbiza elektroni kwa uga wa mawimbi ya namna hiyo, kwa ajili ya tiba ya mionzi. Mwanafunzi wa Chumbageni akijua hilo, fizikia inaacha kuwa ya vitabuni.

## Ukikwama

Mpira umeganda kwenye kipande kimoja. Hapo mpira ulipogusa hapana grafiti, kwa hiyo haupokei chaji ya kuufukuza. Rudia hatua ya 5.

Mpira unacheza kati ya vipande viwili. Msukumo wa kwanza ulikuwa mdogo, au bakuli limeinama. Liweke sawa, sukuma kwa nguvu zaidi kidogo.

Cheche zinaruka kati ya vipande. Kila cheche inamwaga chaji yote. Tafuta kona kali, au unga wa grafiti uliodondoka, au vipande vilivyokaribiana mno. Ondoa hivyo kwanza. Kupunguza volti kuwe jambo la mwisho.

Mpira ulianza vizuri, baada ya dakika kumi ukasimama. Hili ndilo la Tanga hasa. Bakuli limepoa na utando wa maji umerudi. Zima, toa chaji, pitisha draya dakika tatu, endelea. Likijirudia upesi upesi, bado kuna chumvi: osha upya.

Hakuna kinachotokea kabisa, na elektroskopu ilifaulu. Kagua mkanda wa mashine, kisha kagua kama vipande vya volti kubwa kweli vimeungana na utepe wa ukingo.

## Kuhifadhi

Usiliache bakuli kabatini wazi. Likishapoa, lifunge ndani ya mfuko mzito wa plastiki pamoja na mpira, mkanda wa mashine na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Silika ikishafyonza maji huchoka. Ile ya chembe tupu, isiyo na rangi, ikaushe juani kwenye sahani ya bati saa za mchana, au karibu na balbu ya boksi, kisha irudishe kwenye mfuko ingali na joto. Andika tarehe juu ya mfuko, na siku ya kuutumia tena anza na elektroskopu.